Mbao mbichi: Nani analipa gharama ya paa linalopinda?

Mahindi yakishauzwa, kuanzia Juni hadi Oktoba, msimu wa kuezeka huanza Nyanda za Juu Kusini. Mwenye nyumba iliyokwama kwenye linta tangu mwaka juzi anapata fedha ya mahindi, viazi au mpunga wa Usangu, anamwita fundi, wanakwenda pamoja kwa muuza mbao, iwe Mafinga, Iringa mjini, Makambako au Mbeya, wanapakia gari na wiki hiyohiyo kenchi zinapanda. Bati linapigwa. Watu wanapongezana.

Mvua za Novemba zikifika, mambo hubadilika. Paa lililokuwa limenyooka kama rula linaonyesha mawimbi. Misumari imelegea, kofia zake zimeinuka juu ya bati na maji yanapata njia. Mlango uliofunga vizuri Septemba haufungi Januari. Anayelaumiwa kwanza ni fundi. Fundi naye anasema mbao zilikuwa mbichi. Muuza mbao anasema ndivyo zinavyotoka kwa mpasuaji, na mpasuaji anasema ndiyo miti wanayouza wakulima. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, na kwa sababu hiyo ni vizuri kuifuata mbao kutoka shambani hadi kwenye paa, tukitazama nani anapoteza shilingi wapi.

Mikoa hii ndiyo ghala la mbao za kupandwa nchini. Shamba la Serikali la Sao Hill wilayani Mufindi, lenye eneo la zaidi ya hekta 135,000, lilianza kwa majaribio mwaka 1939 na upanzi mkubwa ukafanyika miaka ya 1970 na 1980. Mbeya ina mashamba ya Kawetire na Kiwira. Lakini kwa miaka ya karibuni mbao nyingi tunazoziona sokoni zinatoka kwa wakulima wadogo wa Mufindi, Kilolo, Njombe, Makete na Rungwe, waliopanda misindano na milingoti kwa wingi kuanzia miaka ya 2000, pamoja na watu wa mijini walionunua ardhi huku wakaweka miti kama akiba ya uzeeni.

Miti hiyo haijapewa muda wa kuzeeka. Ushauri wa kitaalamu kwa msindano wa mbao ni kuvuna kuanzia miaka 18 na kuendelea. Shamba la mkulima mdogo mara nyingi linauzwa likiwa na miaka minane, kumi au kumi na miwili. Sababu tunazijua: ada ya shule, ugonjwa, harusi, na hofu ya moto. Hii ya moto isidharauliwe. Mtu aliyeona kijiji jirani kikipoteza mashamba ya miaka kumi kwa alasiri moja ya Oktoba, ukimwambia asubiri miaka minane mingine, anakuona hujui unachosema.

Hata hivyo hesabu yenyewe ni kali, na mkulima ni vema aijue kabla ya kumwita mnunuzi. Chukua gogo lenye kipenyo cha sentimeta 15. Ukilichonga liwe na pande nne sawa, unapata mraba wa takriban sentimeta 10.6. Mbao ya mbili kwa nne ni karibu milimita 51 kwa 102. Mbili zinahitaji milimita 102, na msumeno wenyewe unakula milimita nane katikati. Jumla 110, na wewe una 106. Kwa maneno mengine, gogo hilo halitoi mbili kwa nne mbili kamili. Mpasuaji atatoa moja kamili na nyingine nyembamba, au atazipunja zote mbili.

Sasa chukua gogo la sentimeta 30, urefu uleule. Ujazo wake ni mara nne ya lile la kwanza, lakini mraba wake wa sentimeta 21.2 unatoa mbili kwa nne sita kamili, na bado unabaki ukanda wa kutoa mbao mbili za moja kwa nne, bila kuhesabu mabanzi ya pembeni. Kipenyo kimeongezeka mara mbili, na mbao kamili zimetoka moja kuwa sita. Hii ni hesabu ya darasani, kwa kuwa magogo halisi yana mkunjo na huwa membamba kuelekea juu, ila mwelekeo ndio huohuo. Mkulima anayeuza shamba zima kwa kukadiria kwa macho, bila kupima mti hata mmoja, anamwachia mnunuzi hesabu hii yote. Kipimo si kigumu. Zungusha futi ya fundi cherehani kwenye mti, mita 1.3 kutoka ardhini. Mzingo wa sentimeta 94 ni kipenyo cha sentimeta 30, na wa sentimeta 47 ni kipenyo cha 15. Pima miti 30 katika sehemu mbalimbali za shamba, usichague minene tu, na utajua unauza nini.

Anayehitaji fedha mapema ana njia nyingine kuliko kufyeka shamba lote. Miti iliyopandwa kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu huwa karibu 450 kwa ekari, na yote haiwezi kunenepa pamoja. Kuipunguza, ukitoa ile iliyodumaa na iliyopinda, ndiko kunakoipa iliyobaki nafasi ya kufikia sentimeta 30, na ile inayotolewa inauzika kama fito, nguzo za uzio au kuni za kuchomea tofali. Kuna pia wanaouza robo ya shamba na kuacha robo tatu. Vyama vya wapanda miti, ambavyo vilipata msukumo mkubwa kupitia Programu ya Panda Miti Kibiashara ya Serikali za Tanzania na Finland iliyoanza mwaka 2014, vinasaidia hasa katika mambo mawili: kuweka njia za kuzuia moto kwa pamoja, na kumfanya mnunuzi akutane na wauzaji wengi kwa wakati mmoja badala ya mmoja aliyebanwa na ada.

Mashine nayo ina sehemu yake. Misumeno midogo ya duara inayohamishwa shamba kwa shamba, ambayo wengi tunaiita "dingdong", ndiyo iliyofungua biashara hii kwa watu wasio na mtaji mkubwa, kwa hiyo mimi si miongoni mwa wanaotaka ipigwe marufuku kesho asubuhi. Lakini bapa lake ni nene. Ukiwa na boriti ya inchi nane na unataka mbao za inchi moja, msumeno unaokula milimita nane unakupa mbao sita. Msumeno wa mkanda unaokula milimita tatu unakupa saba. Mbao ya saba imebaki chini kama unga. Na bapa likiwa butu au mhimili umelegea, mbao inatoka nene huku na nyembamba kule, jambo linalomrudia seremala kwenye randa.

Tuje kwa mnunuzi, maana yeye ndiye anayelipa mwishoni. Kitu cha kwanza cha kubeba unapokwenda kununua mbao ni futi. Mbao inayoitwa mbili kwa nne mara nyingi ni moja na robo tatu kwa tatu na nusu. Watu huona ni upungufu mdogo. Ukizidisha, umepewa asilimia 77 tu ya mbao uliyolipia. Kwenye nguvu ni zaidi ya hapo, kwa sababu uwezo wa mbao iliyosimamishwa kubeba mzigo bila kuvunjika hutegemea upana wake ukizidishwa kwa kina chake, kisha kwa kina hichohicho tena. Mbao hiyo iliyopunjwa ina theluthi mbili tu ya nguvu ya mbili kwa nne kamili. Fundi akikwambia kenchi zikae umbali fulani kwa mazoea ya mbao kamili, halafu ukampa mbao iliyopunjwa, paa lako limejengwa kwa theluthi mbili. Ama ulipe kwa kipimo halisi, ama usogeze kenchi karibu zaidi, na vyote viwili vinahitaji ujue kipimo kabla ya kutoa fedha.

Cha pili, tazama kichwa cha mbao, pale ilipokatwa. Miduara ya ukuaji ikiwa mipana sana, michache, na kiini cha mti kinaonekana katikati ya mbao, hiyo imetoka kwenye mti mchanga. Mbao ya namna hiyo ni nyepesi na laini, na inapokauka husinyaa hata kwa urefu, jambo ambalo mbao iliyokomaa hulifanya kidogo mno. Ndiyo inayojipinda kama upinde juu ya nyumba. Angalia vifundo pia. Kifundo kidogo kilichoshikana na mbao si neno, lakini kile cheusi, kikubwa, kilicho ukingoni mwa mbao ya kenchi, ndipo itakapovunjikia. Rangi ya bluu au kijivu ni ukungu: inaonyesha mbao ilirundikwa ikiwa mbichi, inashusha bei na sura, ila peke yake haipunguzi nguvu sana. Kwa kenchi ambazo zitafichwa na dari, mbao yenye bluu inaweza kuwa bei nafuu ya halali, alimradi ni kavu na haijaoza.

Kuhusu ukavu ndiko kwenye utata mkubwa. Msindano uliotoka kukatwa unaweza kuwa na maji yenye uzito kuliko mbao yenyewe. Yanapotoka maji ya mwanzo, mbao haibadiliki umbo. Unyevu unaposhuka chini ya takriban asilimia 30 ndipo inaanza kusinyaa, na inaendelea hadi ifikie unyevu wa hewa ya mahali ilipo, ambao kwa sehemu nyingi za huku ni kati ya asilimia 12 na 15. Kama safari hiyo inafanyika ikiwa imepigiliwa misumari juu ya nyumba, kila mbao itakwenda upande wake na kuondoka na bati. Msumari uliopigwa kwenye mbao mbichi nao hulegea mbao inapokauka.

Kujua unyevu hakuhitaji kifaa cha gharama. Kata kipande katikati ya mbao, si mwishoni, kipime kwenye mizani ya duka, kisha kikaushe taratibu kwenye oveni au juu ya jiko la mkaa bila kukiunguza, ukikipima tena na tena hadi uzito usibadilike. Kikitoka gramu 300 hadi 200, maji yalikuwa gramu 100, yaani asilimia 50 ya uzito mkavu. Mbao hiyo haijaanza hata kusinyaa.

Hapa msomaji atauliza: kwa nini wauza mbao wasikaushe? Nimesikia watu wakiwaita wavivu au wezi. Tufanye hesabu ya mfano. Mfanyabiashara ana shilingi milioni moja, ananunua mbao 250 kwa shilingi 4,000 kila moja. Akiziuza mbichi kwa 4,500 ndani ya wiki mbili, anapata faida ghafi ya shilingi 125,000 na fedha inarudi kununua mzigo mwingine. Kwa miezi miwili anaweza kuzungusha mara nne, faida ghafi 500,000. Akiziweka zikauke miezi miwili, atazungusha mara moja tu. Atalipa vibarua wa kupanga, baadhi zitapinda azitoe kwa hasara, na kama mtaji ni wa mkopo, riba inakimbia. Ili apate faida ileile lazima auze mbao kavu kwa zaidi ya 6,000, na mteja aliyezoea 4,500 atavuka barabara kwa jirani. Kwa hiyo anauza mbichi kwa sababu soko linamlipa kwa kuuza mbichi. Kuwahubiria wauza mbao wadogo bila kubadili hesabu hiyo ni kupoteza muda. Viwanda vikubwa vyenye matanuri ya kukaushia vinaweza kuuza kavu, na bei yao inaonyesha hivyo.

Lakini yupo mtu mmoja katika mnyororo huu ambaye kukausha hakumgharimu karibu chochote, naye ni mjenzi mwenyewe. Wengi wetu tunajenga kidogo kidogo. Msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, paa Mungu akijalia. Tunanunua tofali kwanza, mbao mwisho. Geuza mpangilio. Nunua mbao za kenchi na papi wakati unaanza kuta, zipange kwenye kiwanja chako, na zikauke wakati fundi uashi akifanya kazi yake. Fedha ni ileile. Utakuwa umenunua kwa bei ya mbao mbichi na kuezeka kwa mbao kavu, na zile zitakazopinda utaziona zikiwa chini, uzikate vipande vifupi vya kazi nyingine. Kinachohitajika ni mlinzi au ndugu anayeishi jirani, kwa kuwa mbao zilizorundikwa kiwanjani zina miguu.

Namna ya kuzipanga ndiyo inayoamua. Weka matofali au magogo ya kuziinua karibu nusu mita kutoka ardhini, usawa mmoja kwa kamba. Tandaza safu ya kwanza ukiacha nafasi ya vidole viwili kati ya mbao na mbao. Juu yake weka vijiti vikavu vya unene wa inchi moja, kila baada ya sentimeta 60, kisha safu nyingine. Vijiti vyote viwe na unene sawa na vikae mmoja juu ya mwingine kutoka chini hadi juu. Kikikaa pembeni, mbao itapinda pale pale. Vichwa vya mbao vipake rangi iliyobaki au nta, maana huko maji hutoka haraka na ndiko kunakopasuka. Funika juu kwa bati kuukuu lenye mawe mazito, pande zote acha wazi upepo upite. Usifunike na turubai hadi chini, utakuwa unalima uyoga. Kwa Iringa mjini au Usangu, msimu wa kiangazi, mbao za inchi mbili zitafikia hali nzuri kwa miezi miwili au mitatu. Kwa Tukuyu, ambako mvua ni jambo la karibu mwaka mzima, ongeza muda.

Mbao zenye dawa zina mambo yake. Ile rangi ya kijani inatokana na shaba. Dawa iliyozoeleka ni mchanganyiko wa shaba, kromu na aseniki, inayosukumwa ndani kwa mtambo wa mgandamizo. Mchwa na fukusi hawaipendi. Kwa dawa kuingia, mbao lazima iwe imekauka kwanza, na ikitoka kwenye mtambo inakuwa imelowa tena. Kwa hiyo hata mbao yenye dawa inahitaji kupangwa na kukauka kabla ya kupigiliwa. Wapo wanaochovya au kupaka rangi ya kijani na kuuza kwa bei ya dawa. Omba kipande kikatwe katikati mbele yako. Kama kijani kimeishia juu kama maganda ya embe na ndani ni nyeupe, hujanunua dawa, umenunua rangi. Masalia ya mbao hizo yasipikiwe chakula wala kuchoma nyama, na unga wake usitandazwe kwenye banda la kuku, kwa sababu ya hiyo aseniki. Oili chafu ambayo wengi hupaka kama mbadala hubaki juu juu na haifikii mbali ndani ya mbao.

Kwa milango na fremu ninashauri kutobana matumizi kwa kiasi kilekile. Mninga unaotoka misitu ya miombo, ikiwemo ya upande wa Chunya, bado hauna mpinzani kwa kutulia, ingawa bei yake inapanda kadiri misitu inavyopungua. Msindano uliokomaa na kukaushwa vizuri unafaa kwa milango ya ndani. Mlingoti acha kwenye nguzo, maana una tabia ya kupasuka na kujisokota. Mwambie seremala aziweke mbao ndani ya karakana wiki mbili kabla ya kuziunganisha, na mlango upangwe na mwanya wa milimita tatu pande zote. Mlango uliotengenezwa kiangazi bila mwanya ndio unaopigwa teke Februari. Ubao mpana wa meza usiugongomee misumari pande zote mbili kwenye fremu, kwa kuwa mbao hupanuka na kusinyaa kwa upana, na isipopata pa kwenda itapasuka.

Mwisho ni karatasi. Mbao zinasafirishwa kwa hati ya kusafirishia mazao ya misitu inayotolewa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na halmashauri inatoza ushuru wake. Mnunuzi wa kiwanjani hujiona hayamhusu mpaka gari alilokodi linapozuiwa getini na mbao zake zikakaa juani na mvuani kwa siku nne. Dai risiti ya muuzaji na nakala ya hati kabla ya kupakia, na hakikisha idadi na aina ya mbao iliyoandikwa ndiyo iliyo kwenye gari. Risiti hiyohiyo, ikiwa imeandikwa vipimo halisi na si "mbili kwa nne" tu, ndiyo utakayoishika siku utakaporudi kumwonyesha muuzaji futi yako.